Mahindi Yetu Ng'ambo ya Mkondoa

Sogea karibu, msikilizaji wangu, nikueleze kwanza mto wenyewe, maana usipoujua hutaelewa kwa nini asubuhi ile mama yangu alikaa matopeni na kikapu chake kitupu.

Mkondoa unashuka kutoka nchi kame upande wa Dodoma, unapenya milimani pale Kidete, ukienda sambamba na reli, kisha unafika kwetu Kilosa, kwenye tambarare. Milimani una mbio, kwa hiyo unazoa mchanga. Kwetu unapunguza mwendo na kuutua. Mkondo unajaa taratibu, na ukishajaa maji hutafuta pengine pa kupita. Mbele zaidi hukutana na maji ya mbuga za Mikumi, yote yakaenda Wami na baharini. Mvua ya milima ya Vidunda usiihesabu. Ile huingia mto Ruaha.

Tuliishi kwa mto huo. Ulitupa mpunga, mboga za kiangazi, matete ya kuezekea. Maji yakichafuka, wanawake walichimba vishimo mchangani, wakasubiri kidogo, wakachota maji meupe kwa kata.

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa tulijengewa nyumba kwa mistari, na kila kaya ikapewa kipande chake kando ya shamba la wote. Kipande cha mama kilikuwa ukingoni. Baba alikwisha kufariki, hivyo mahindi yale ndiyo yalikuwa chakula chetu cha mwaka mzima. Kuhusu mpaka na kijiji jirani, mkutano wa vijiji vyote viwili uliamua kwamba mto ndio mpaka. Watu walipiga makofi, na mama pia. Nani angeweza kuusogeza mto?

Masika yaliyofuata, siku moja kwetu haikunyesha hata tone; mvua ilikuwa huko juu milimani. Asubuhi yake tulitoka na vikapu kwenda kuvuna. Njia ikaishia kwenye maji mekundu. Nilidhani tumepotea. Ng'ambo ya maji mahindi yetu yalikuwa yamesimama wima, hata bua moja halijalala. Mto ulikuwa umekata katikati ya nyumba na shamba.

"Mama, shamba limehama," nilisema.

Mama alikaa chini. Akasema, "Shamba haliwezi kuhama, mwanangu." Lakini sauti yake haikuwa na uhakika.

Maji yalipopungua tulivuka na balozi wetu wa nyumba kumi, tumeshikana mikono. Katikati ya mahindi yetu tulimkuta mwenyekiti wa kijiji jirani, anapima kwa hatua.

"Shikamoo, baba," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni kijijini kwetu."

Balozi akadakia, "Kwenu? Hayo ni mahindi ya mjane, ndugu."

"Si tulikubaliana mto ndio mpaka? Wewe ndiye uliyepiga makofi kuliko wote."

Mama akauliza, "Na mto ungekata nyuma ya nyumba yako, ungekuwa mwananchi wetu?"

"Na mke wangu mngemchukua?"

"Yeye tungempokea leo leo. Wewe tungekujadili."

Alicheka, lakini hakuacha kupima. Wakati huo mke wake akatokea upande wa pili wa shamba na debe kichwani. Maji yalikuwa meupe kabisa.

"Wifi, hayo umeyapata wapi?" mama alimuuliza.

"Pale pale tunapochota siku zote. Huko kwenye mto wenu mpya ni matope matupu."

Tulimfuata wote hadi mkondo wa zamani. Juu palikuwa mchanga mtupu, pameanza kukauka. Lakini wanawake walikuwa wamechimba vishimo vyao, na maji yalikuwa yakipanda kutoka chini. Mwenyekiti alipiga magoti, akaingiza mkono hadi kiwiko, akautoa unachuruzika. Uso ulimbadilika.

"Mto bado upo, uko chini," alisema polepole. "Basi mpaka ubaki hapa."

Vijiji vyote viwili vilipanda mkonge kufuata mkondo ule, nasi tukavuna mahindi yetu, tukayavusha kwa vichwa.

Mama hakushangilia. Jioni, tulipotua mzigo wa mwisho, alikwenda nyuma ya jiko letu la kijijini akaanza kuchimba kwa mikono, kama wale wanawake wa vishimoni. Nilimwona akisimama ghafla, mkono umelowa.

"Njoo uguse," aliniambia.

Niligusa. Ulikuwa mchanga wa mtoni, baridi, na maji yalikuwa yanapanda. Mstari wetu wote wa nyumba ulikuwa umejengwa juu ya njia ya zamani ya mto. Na mto uliohama mara moja unaweza kuirudia njia yake. Mama alimwita balozi naye aguse, na kabla ya masika mengine mstari wetu ulihamia mwinukoni.

Basi nawe ukipewa kiwanja bonde la Mkondoa, usisimamishe nguzo kwanza. Chimba hadi kiwiko, subiri kidogo, na maji yakipanda, panda mpunga hapo, nyumba uijenge juu zaidi.