Pete ya Bi Koleo Yenye Bawaba

Kwanza nieleze kwamba mimi si mmbeya. Duka langu la ushonaji na duka la Bi Koleo yanatenganishwa na ukuta wa mbao tu, na mbao zenyewe zina nyufa, kwa hiyo nikisikia mambo yake walaumiwe waliojenga. Yeye ni sonara. Tulimpa jina hilo kwa sababu koleo halimtoki mkononi. Hata chai huikoroga kwa koleo. Ametengeneza pete za harusi za nusu ya mtaa huu, lakini yeye mwenyewe, na mvi zote hizo kichwani, hajawahi kuvaa hata moja. Ukimuuliza kwa nini hakuolewa anakujibu, "Nilikuwa na kazi nyingi, nikasahau."

Basi akatokea mwoka mikate wa kona ya pili. Mgane, mpole, vidole vinene kama ndizi, unga mpaka kwenye nyusi. Alianza kuja kwa Bi Koleo asubuhi asubuhi na kijifuko cha hamira, akiomba apimiwe.

"Hamira gani hiyo inayopimwa kwa mizani ya dhahabu?" niliuliza kupitia ukutani.

"Wewe shona!" Bi Koleo akanijibu, lakini sauti yake ilikuwa inacheka.

Hamira ilipimwa mwaka mzima. Kisha siku moja Bi Koleo akaingia dukani kwangu na kandambili moja, nyingine sijui kaiacha wapi, akanishika mabega na kuanza kucheka hadi machozi. Nikampa maji, akayachekea maji.

"Shoga, kaniambia... kaniambia..."

"Kakwambia nini? Sema, nisije nikakuchoma sindano!"

"Kaniambia hamira ilikuwa inatosha tangu siku ya kwanza. Kaniambia anataka kunioa."

Tulicheza tukiizunguka meza ya kukatia vitambaa, tukaangusha mabunda mawili, mpaka mteja aliyekuwa akisubiri suruali yake akauliza kama kuna moto. Nikamwambia ndiyo, upo.

Sasa, Bi Koleo ana sheria yake moja ya kazi, na haivunji kwa ajili ya yeyote. Hakupi pete ya dhahabu kabla hujavaa ya shaba wiki nzima. Anakutengenezea ya majaribio, anakwambia, "Oga nayo, fua nayo, gombana na mwenzako ukiwa nayo, kisha uje tuzungumze." Wengi hurudi wamebadilisha kila kitu: aliyetaka jiwe kubwa halitaki tena, limemchania mashuka. Kwa kuwa sheria ni sheria, Bi Koleo akajikatia shaba yake, akamkatia na mchumba wake.

Ya Bi Koleo ilianza vituko siku ileile. Miaka ya kubana koleo imemvimbisha vifundo vya vidole. Pete inayopita kwenye kifundo, ikifika chini inazunguka ovyo. Inayokaa vizuri chini, haipiti kwenye kifundo. Akavaa ile kubwa hivyo hivyo, akakaa kwenye mashine ya kung'arishia, na mashine ikaidaka. Nilisikia yowe kupitia ukutani. Nilipofika nilimkuta kashikilia kidole, kapauka, ila hakuna kilichovunjika isipokuwa shaba, iliyokuwa imejikunja.

Ya mwoka mikate ilizama kwenye unga wa ngano. Alipogundua kwamba kidole kiko kitupu, mikate ilikuwa imeshaiva na imeshatoka. Akapita mlango kwa mlango na aproni yake, mbio mbio. "Samahani, mmeshaukata mkate? Samahani, mama, usitafune kwanza!" Jioni mwalimu mstaafu wa nyumba ya juu akaingia kwenye duka la mikate na nusu mkate mkononi, pete ya shaba imechungulia katikati.

"Kijana," akasema, "nashukuru sana, lakini mimi nina mke."

Nilicheka mpaka nikashona mkono wa shati kwenye kola. Lakini mwoka mikate hakucheka. Alikuja kwa Bi Koleo, akakaa kwenye kigoda, na nikamsikia kwa masikio yangu.

"Bibie, tuachane na pete. Sisi na pete hatuwezani. Wewe itakukata kidole, mimi nitavunja meno ya watu. Tuoane tu hivi hivi."

"Sawa," Bi Koleo akasema.

Naijua hiyo sawa. Nikasubiri mwanamume wa watu aondoke, nikatoka kwangu nikaingia kwake. Alikuwa amekaa tu, na kwa mara ya kwanza koleo lilikuwa mezani.

"Shoga, nataka pete," akasema. "Maisha yangu yote nawapimia watu vidole. Nataka yangu. Naona hata aibu, na mvi hizi, lakini naitaka."

"Sasa sawa ya nini? Si ungemwambia!"

"Nimwambie nini? Sijui kuitengeneza."

Sijawahi kumsikia akisema hajui kutengeneza kitu. Nilirudi kwangu nimenuna, nikaikanyagia cherehani hasira zangu zote. Watu walikuwa wameshaalikwa, gauni lilikuwa linakaribia kwisha, na bibi harusi wangu alikuwa akitembea kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Siku ya kulijaribu gauni, mkono haukupita. Nilikuwa nimeubana kwenye kifundo cha mkono, kwa sababu mwenyewe alitaka ubane, na sasa kiganja kimekwama ndani.

"Haupiti," akasema.

"Tulia, usinichanie kitambaa. Mwanamke gani wewe usiye na subira?" Nikachukua mkasi, nikaupasua mkono kidogo pembeni, nikatia kulabu. "Haya. Unafungua, kiganja kinapita, unafunga. Umeona inavyobana? Kwani ulitaka upite bila kufunguliwa?"

Akautazama mkono wake.

"Rudia."

"Nirudie nini?"

"Fungua. Funga."

Nikafungua, nikafunga.

"Tena. Polepole."

Nikafungua polepole, nikafunga polepole, nikianza kuhofia akili yake. Ghafla macho yakamtoka pima, akaangua kicheko kilekile cha kandambili moja, akatoka mbio. Alitoka na gauni langu la mkono mmoja, pini zimejaa kwenye pindo, futi ya kupimia inaburuzika nyuma. Waliokuwa wamekaa kibarazani wakabaki mdomo wazi. Nami nyuma yake, "Gauni! Usisogee kwenye moto na gauni langu, nitakuua!"

Nilimfunga aproni mbili ndipo akaruhusiwa kukaa kwenye meza yake. Akanichorea kwa kipande cha mkaa kwenye mbao za meza. Pete iliyokatwa pande mbili. Upande mmoja bawaba, ndogo kuliko punje ya mchele. Upande wa pili kibanio. Inafunguka kama mlango, inakipita kifundo bila kukigusa, inajifunga chini na kukaa kimya. Ukienda kazini unaigusa kwa ukucha tu, imetoka.

Zilikuja kwanza za shaba, maana sheria ni sheria. Wiki ikapita. Mashine haikudaka kidole cha mtu, na mwalimu mstaafu alikula mikate yake bila kuposwa.

Ndipo ikaja dhahabu, na hapo furaha ikatuletea balaa. Kulehemu bawaba ndogo vile kunataka mkono uliotulia, na Bi Koleo hakuwa ametulia hata ukope. Akishika moto wa gesi anakumbuka hamira, anacheka, mkono unatikisika. Mara ya kwanza bawaba iliyeyuka ikawa kidonge.

"Furaha imeniharibia mkono!" akalia, huku anacheka.

"Fikiria jambo la huzuni."

"Kama lipi?"

"Wateja wanaoniletea kitambaa leo na harusi ni kesho."

Akacheka zaidi. Nikapandwa na hasira za kweli. Nikaanza kumgombeza. Nikamgombeza kuhusu gauni, kuhusu pini zangu alizozipoteza kibarazani, kuhusu mwavuli wangu alioazima tangu mvua zilizopita, kuhusu anavyokoroga chai. Nikaona mabega yamemshuka. Mkono ukatulia.

"Endelea," akanong'ona, jicho kwenye moto. "Inasaidia."

Nikaendelea. Nilimsema mpaka sauti ikanikauka, na nilipofikia jinsi anavyokoroma akisinzia mchana, bawaba ikashika. Akazima gesi, akanikumbatia na masizi yake yote. Kwa hiyo mtu akisema pete ile ni kazi ya Bi Koleo peke yake, mimi nina la kusema.

Siku ya harusi mwoka mikate akaifungua pete vizuri, akaiweka kidoleni vizuri, kisha akashindwa kuifunga. Kibanio ni kidogo, vidole vile mmeshaambiwa. Jasho likamtiririka. Mfungisha ndoa akakohoa. Niliuona mkono wa pili wa Bi Koleo ukinyanyuka wenyewe, mkono wa fundi uliozoea kurekebisha, na nikamwona akiurudisha nyuma ya mgongo na kuushikilia huko kwa kunyakua kitambaa cha gauni langu.

Tik.

Bi Koleo akapiga ukelele wa furaha kabla ya mtu mwingine yeyote, nasi tukafuata, na mwoka mikate akakaa chini sakafuni kwa kuchoka.

Siku hizi akifika kazini anaivua na kuitundika kwenye msumari juu ya meza. Jioni anaitia kiganjani, wazi, anavuka hadi kwenye duka la mikate. Mimi huwaona nikiwa mlangoni kwangu. Ananyoosha mkono katikati ya trei za mikate, mumewe anajifuta unga, anainama, anahangaika weee, anaifunga. Kisha naye ananyoosha wake, avishwe yake.

Jana mvua ilikuwa inamwagika, barabara yote matope. Nikamwambia, "Jifungie mwenyewe leo, shoga, ukae unywe chai. Si wewe uliyeitengeneza? Utaifunga ukiwa umefumba macho."

"Naweza kuzifunga pete zote za mtaa huu," akasema, akiuchukua mwavuli wangu mlangoni. "Hii si kazi yangu."