Wanja wa Jiwe

Mke mwenzangu alikufa kwa risasi, na hakuna bunduki iliyolia.

Ilikuwa 1975. Tulikuwa tumeshahamishiwa kijiji cha ujamaa, huku upande wa Iguguno.

Mimi, Yunisi, nilikuwa mke mkubwa wa Fabiano. Mke mdogo alikuwa Hana.

Yale macho yake! Akikutazama, unasahau ulichotaka kusema.

Sisi tulipaka wanja wa masizi. Yeye alisaga jiwe jeusi linalometameta, aliloliokota kwenye machimbo ya zamani. Kila mara alilamba kijiti, akachovya, akapaka.

Na Fabiano habanduki kwake. Ugali wangu ukawa kiporo kila siku.

Wivu ulinitafuna, jamani. Nikamfuata.

"Mdogo wangu, nimegee hilo jiwe."

"Dada, hili halikufai."

"Halinifai? Kwa sura yangu hii, siyo?"

"Sijasema hivyo."

"Basi kaa na uzuri wako!"

Nikaondoka na tumbo langu la mimba, nimenuna.

Muda si muda Hana akaanza kuumwa tumbo. Fizi zikawa nyeusi. Siku alipoanguka kifafa, trekta la kijiji likampeleka hospitali.

Hakurudi mzima.

Fabiano alirudi na neno moja tu: "Daktari kasema ni risasi."

Msiba ukachafuka. Bunduki kijijini ilikuwa moja, ya Ignas wa mgambo.

"Jamani, yangu haijalia tangu nifukuze fisi!" aliapa, jasho likimtoka.

Waliomwosha wakatafuta tundu. Hakuna.

Ndipo mganga wa zahanati akasimama.

"Risasi ni madini. Hata zile za bunduki hutengenezwa nayo. Imo kwenye lile jiwe lake la wanja. Kila alipolamba kijiti, alikuwa anaimeza."



Baada ya mazishi, mama yake Hana, mama Raheli, akanivuta pembeni.

"Ndiye wewe Yunisi?"

"Ndiye mimi. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hana alishaanza kulishuku lile jiwe. Tangu aanze kulipaka, mimba zake zilikuwa zinatoka. Akaniambia, 'Mama, dada Yunisi ni mjamzito, nimemnyima.' Nikamwambia, basi acha na wewe. Akasema, 'Mwenzangu ana mtoto tumboni. Mimi nikiacha wanja, Fabiano atakaa kwangu kwa lipi?'"



Kumbe mimi niliyaonea wivu macho yake, na yeye alilionea wivu tumbo langu.

Binti yangu alizaliwa salama, mavuno yakiwa uwanjani.

Wanangu mnaosoma, mkiuziwa poda mkaambiwa ni ya asili, imetoka ardhini, ulizeni ni jiwe gani. Ardhini kuna chumvi, na kuna sumu.

Na mwenzako akikunyima kitu, muulize sababu kabla hujanuna.