Bafu Lisilotaka Kwisha

Mafundi wenzake walimwita Pimamaji, jina la kile kifaa cha kupimia usawa, kwa sababu hakuweza kukaa kwenye chumba chenye picha iliyopinda bila kuinuka kwenda kuinyoosha, hata ugenini, hata msibani. Alikuwa fundi wa vigae, mwanamke mrefu mwenye magoti yaliyokomaa kwa kupigwa sakafuni. Na aliuliza maswali. Mumewe, dereva wa lori, alizoea kulalamika kwamba alitaka mke akapewa mpelelezi.

Kazi ya bafu lile alielezwa akiwa amesimama mlangoni.

"Mama yangu anahamia kwetu," alisema mwenye nyumba, mwalimu mpole mwenye miwani. "Nataka sakafu isiyoteleza, na vigae ukutani vifike hapa." Akajigusa kifuani. "Basi."

Mkewe, mshonaji, aliitikia kwa kichwa.

Mwanzoni kazi ilikwenda vizuri. Kisha mshonaji akaja na kikombe cha chai. "Fundi, kwa kuwa upo hapahapa, tuweke na mstari wa vigae vya maua." Ukawekwa. Akarudi na la kishubaka cha sabuni, na ukuta uliokwisha ukachimbwa tena kwa tindo. Akarudi na la kizingiti: kiondolewe, bibi anayehamia asije akajikwaa. Kizingiti kilipoondoka, maji yakakimbilia mlangoni badala ya kwenye tundu la kutolea maji, na sakafu ikabidi ivunjwe ipangwe upya. Halafu mlango nao ufungukie nje.

"Ni kitu kidogo tu, Fundi."

Na kweli kilikuwa kidogo. Kila kimoja kilikuwa na maana yake, ndiyo maana Pimamaji alishindwa kukataa. Huku nyuma mwenye duka la mikate, aliyekuwa akimsubiri, alichoka akampa kazi mtu mwingine.

"Anakuchezea huyo," rafiki yake fundi bomba alimwambia. "Beba vifaa vyako uondoke."

Lakini kuna jambo lilikuwa likimwasha. Maombi mapya hayakuja ovyo ovyo. Yalikuja kila alipoanza kukoroga saruji nyeupe ya kujazia mapengo kati ya vigae, yaani kila kazi ilipokaribia mwisho. Akaamua kujaribu. Asubuhi moja, kazi ikiwa bado tele, alitangaza kwa sauti: "Dada, kesho namaliza!"

Hata jua halijafika utosini, mshonaji akatokea. "Fundi, nilikuwa nawaza, vigae vingepanda mpaka darini…"

Pimamaji akaweka mwiko chini. "Dada, nikuulize kitu, usinikasirikie. Bafu hili likiisha, kinatokea nini?"

Mshonaji alicheka, kisha kicheko kikamkatikia. Akageuza ndoo, akaikalia. "Mama mkwe anahamia."

"Hampatani?"

"Tunapatana mno. Nikienda kwake tunacheka mpaka mbavu zinauma. Naogopa tukianza kugombea sufuria moja, kicheko kitaisha."

"Kwa hiyo maua, kishubaka, mlango…"

"Maua ni yangu, na hili la dari. Hayo mengine ni yake. Ananipigia simu kujua kazi imefika wapi."

"Yeye mwenyewe?" Pimamaji alisogea karibu. "Anasemaje hasa?"

"Anataja kitu, kisha anauliza, 'Hiyo itawachelewesha?' Nikisema ndiyo, ananiambia, 'Basi ifanyike, mwanangu.'" Mshonaji akajishika mdomo.

Wakatazamana. Kisha akatoa simu, akaweka sauti wazi ili fundi naye asikie.

"Mama, nikuulize kweli. Wewe unataka kuhama?"

"Nani kakwambia sitaki?"

"Fundi."

"Ana macho huyo," sauti ya bibi ilisema. "Mwanangu, mimi nina kuku wangu, nina majirani zangu, nina kitanda kinachoujua mgongo wangu. Lakini mumeo alivyofurahi, ningeanzia wapi?"

Jioni mwalimu aliambiwa. Alivua miwani, akaifuta, akaifuta tena. "Sasa bafu nimelitengeneza la nini?"

"La mgeni anayependwa," alisema mkewe.

Pimamaji hakutaka kuingilia ya watu, ila lake alilisema. "Mimi namaliza sakafu, na kuta mpaka kifuani, kama tulivyopatana siku ya kwanza. Ya darini ni kazi nyingine. Hii ikishafungwa, mkiitaka, mniite tupatane upya."

Hawakumwita.

Tangu hapo, kabla ya kukoroga saruji, humsimamisha mteja katikati ya chumba na kumuuliza siku kazi itakapokwisha atafanya nini humo. Akisikia "kwa kuwa upo hapahapa", hakatai wala hakubali. Huuliza: "Tulifanye badala ya lipi? Au tumalize kwanza hili?" Wengi hukuna kichwa, wakagundua wanaweza kungoja. Wachache hueleza sababu ambayo hakuitegemea, na hao ndio anaowapenda zaidi.

Bibi alikuja likizo ya shule. Alioga kwa raha zake, akaimba humo ndani mpaka wajukuu wakagonga mlango, akapika na mkwewe, wakacheka. Akaondoka wakati bado wanamtaka.