Masufuria ya Kikundi Yaliyokwenda Vihingo

Nilipigwa mwiko wa ugali mdomoni saa mbili asubuhi, jino likatoka, na aliyenipiga alikuwa amekuja kuchukua masufuria.

Mwiko wenyewe ulikuwa wangu.

Ubuyu huu umezunguka Kibaha nzima na kila anayeusimulia anatia chumvi yake. Acheni niwape mimi niliyevuja damu.

Naitwa Swaumu, mama Ashrafu. Nyumba yangu ina vyumba vitatu na watu kumi na mmoja, na hapo sijahesabu wanaokuja kuonja chai wakabaki mpaka usiku. Napenda hivyo. Nyumba ikiwa kimya, mimi naumwa.

Kilichonishinda ni vitu.

Chupa za chai zisizo na vifuniko. Feni mbili mbovu. Magodoro ya wageni walioondoka tangu mwaka juzi. Na korido ya nyuma ndiyo usiseme, masufuria yalipangwa ukutani mpaka karibu na dari.

Mengi hayakuwa yangu. Yalikuwa ya kikundi chetu cha akina mama, Tusitupane. Ukipata harusi au msiba, vyombo vya kikundi vinakuja kwako na sisi tunakuja navyo, tunapika mpaka mgeni wa mwisho aondoke. Mtunza vyombo ni mimi. Masufuria kumi, yale mazito ya kupikia watu mia, kila moja limepakwa rangi nyekundu ya kucha chini ya kitako ili lisichanganyike na la mtu.

Ya kwangu yalikuwa sita. Hayana rangi.

Siku moja sufuria likaporomoka kutoka juu likamkuta mjukuu wa dada yangu kichwani. Nyuzi sita. Damu ilitapakaa ukutani kama imemwagwa kwa kikombe.

Nikasema basi.

Kwenye simu kulikuwa na dada mmoja anafundisha kupunguza vitu nyumbani kidogo kidogo. Usivamie nyumba nzima, anasema, utachoka uache. Chukua kona moja kila wiki. Kitu usichokigusa miezi sita, kitoke.

Jumamosi ya kwanza nikashughulika na kabati la sebuleni. Ya pili, uvunguni mwa vitanda. Ya tatu, jiko. Jamani, mtu akaweza kupita kwangu bila kugonga goti. Nikajisikia msomi.

Jumamosi ya nne ikawa zamu ya korido.

Nikayatoa masufuria yote uani, yangu na ya kikundi. Nikaona aibu kuyarudisha na masizi yale. Nikayasugua kwa stilwaya na mchanga, ndani na nje, mpaka vitako vikang'aa kama kioo.

Binamu yangu Pazi anakaa Vihingo, huleta mkaa Kibaha na kirikuu, kigari chake cha mizigo, na kurudi mtupu. Nikampigia aje abebe. Alipofika nikamwelekeza kwamba yenye rangi nyekundu chini ayaache, yasiyo na rangi ni yangu, achukue.

Nikamwacha hapo. Jirani alikuwa na habari ya mtu na shemeji yake, na habari kama ile haisubiri.

Niliporudi, korido ilikuwa nyeupe. Hakuna hata mfuniko.

Ndipo akili ikanirudi. Rangi yote niliitoa mwenyewe kwa stilwaya. Pazi aligeuza sufuria moja moja, hakuona alama, akabeba kumi na sita.

Nikampigia. Akaniambia nisiwe na presha, ila wiki ile hawezi kuyarudisha, keshayaazimisha. Mzee Matano wa pale kijijini anamwoza binti yake Zuwena kwa bwana mmoja wa Kwala anaitwa Said. Harusi Jumamosi, Jumapili asubuhi atayaleta.

Sikumwambia mtu. Nikaomba Mungu wiki ile asife mtu.

Ijumaa akafa Silvanus, mume wa Efrazia, mwenzetu wa kikundi.

Jumamosi saa mbili wakaingia uani kwangu wanawake saba, mbele yao Evaline, mwenyekiti wetu. Evaline ni mama wa mikono minene, akikushika bega unasikia mpaka kiunoni. Akapitiliza mpaka korido. Akasimama pale kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

"Vyombo viko wapi, mama Ashrafu?"

Nikasema viko Vihingo.

"Umeuza chuma chakavu."

Nikaanza kueleza habari ya stilwaya. Sikufika mbali. Mwiko ulikuwa juu ya beseni la vyombo, akauchukua akanipiga nao mdomoni. Nikaanguka. Jenifa, katibu wetu, mwanamke ninayempa chumvi kila siku, akanikalia kifuani. Wengine wakanitandika kwa kandambili na mipini ya fagio. Mmoja alining'ata sikio, mpaka leo hajajitaja.

Walipochoka, Evaline alichuchumaa karibu na uso wangu. Akasema kwa sauti ya chini kabisa kwamba kabla ya sala ya jioni masufuria yawe nyumbani kwa Efrazia. La sivyo jina langu linafutwa, na siku nitakayofiwa hatatia mguu mtu.

Hapo ndipo nilipolia. Kipigo ningekizoea. Lakini mimi, Swaumu, nifiwe halafu jiko langu liwe na mtu mmoja anayechochea moto? Bora wangenimalizia palepale.

Tukakodi kirikuu. Mimi nikarushwa nyuma pamoja na wanawake watano walioshika michi. Evaline akakaa mbele na Jenifa. Njiani nilimsikia akimpigia mumewe Fabian, maana Fabian anafanya kazi Kwala, alikuwa zamu ya wiki mbili, angetusaidia nguvu kama wenyeji wangeleta ubishi. Simu haipatikani. Akasema kazini kule wanawazuia simu, maskini.

Mlandizi tukakata kushoto, tukala vumbi mpaka Vihingo.

Nyumba ya Mzee Matano haikuhitaji kuulizwa. Turubai, watoto wamevaa mapya, shehe amekaa kwenye jamvi anasubiri ndoa ifungwe. Na nyuma ya nyumba masufuria yetu yote yako motoni, pilau inatoa mvuke.

Evaline hakutoa salamu. Alilivaa sufuria la kwanza akataka kulishusha.

Mama mmoja mpishi akamuuliza kwa upole anaibaje chakula cha harusi. Jenifa akajibu kwamba sufuria ni la kikundi chetu. Mama akaomba aonyeshwe alama.

Alama ndiyo hiyo hakuna.

Yule mama akacheka. Jenifa akamzaba kofi.

Basi, kimenuka.

Nimeona ugomvi wa baa, nimeona wa stendi, ule ulikuwa kitu kingine. Kuni zenye moto zilirushwa. Jenifa aliungua shingo na nywele zake za bandia zikashika moto, ikabidi amwagiwe maji ya mchele. Mtu wetu mmoja alipigwa mchi wa mkono, nikasikia mfupa unavyolia. Mimi nilikuwa chini ya meza ya vitunguu, nimekumbatia vifuniko viwili.

Kelele zikamtoa bwana harusi ndani. Kanzu nyeupe, kofia ya vito, manukato.

"Said," Mzee Matano alimwita, "njoo uwatoe hawa vichaa."

Said hakuja. Alisimama mlangoni, rangi imempotea.

Alikuwa Fabian.

Wanawake wetu wote wakaacha kupigana mara moja. Wale wa Vihingo wakashangaa wanapigana na watu wasiorudisha.

Evaline alimtazama. Mkono wake ukapapasa mezani juu yangu, ukarudi na kisu cha vitunguu. Akaanza kutembea.

Na Fabian, mwanaume mzima wa kilo tisini, akamvuta bibi harusi aliyechungulia nyuma yake akamweka mbele kama ngao.

Sijui nani alinituma. Nilichomoka chini ya meza nikaudaka mkono wa Evaline. Kisu kikapita katikati ya kiganja changu mpaka nikaona cheupe. Sikumwachia. Damu yangu ikachuruzika kwenye gauni la Zuwena, na yule binti, mdogo kama mwanangu wa pili, akawa analia anasema hajui kitu.

"Shikamoo dada," akasema, hata katikati ya yote yale. "Aliniambia mkewe alikufa."

Evaline akasimama. "Nilikufa?"

"Alisema ulizikwa mwaka juzi."

"Nilikufa na nini?"

"Presha," Zuwena akajibu.

Kisu kilianguka chenyewe. Nilikuwa sijawahi kuona mtu aliyekatwa bila kuguswa, siku ile niliona.

Kaka zake Zuwena hawakuhitaji maelezo zaidi. Walimburuta Fabian kwa kanzu mpaka ikachanika mgongo mzima, wakamshushia kuni zilezile za pilau. Bega lilivunjika. Alikuwa anamwita Evaline amsaidie, na Evaline anamwangalia kama anaangalia mvua. Mzee Matano ndiye aliyewazuia wasiue, akamkabidhi kwa mtendaji wa kijiji akiwa anatambaa.

Kisha mzee akaja kwetu. Jasho na aibu. Akauliza kama ni kweli tuna msiba. Tukamwambia.

"Pilau imeiva na harusi hakuna," akasema. "Chukueni vyombo vyenu na kilichomo. Wapelekeeni wafiwa."

Pazi na kirikuu chake wakasaidia. Tulirudi Kibaha tumekaa katikati ya masufuria ya moto, tumefungwa khanga vichwani na mikononi kama watu wa ajali. Tulipofika Mlandizi, Jenifa akauliza kama nimepata dawa ya sikio. Nikajua ni yeye.

Kabla ya sala ya jioni waombolezaji wa Silvanus walikuwa wanakula pilau ya harusi. Walikula kimyakimya, halafu wakaongeza. Mjomba wa marehemu akauliza nani kapika, maana msiba wenye pilau ile hajauona.

Evaline alikuwa anapakua. Jicho limevimba, mkono haukusita.

"Nimepika mimi," akasema. "Marehemu wa presha."

Sisi tuliotoka Vihingo tulicheka mpaka tukaegemeana. Na Evaline akacheka, kisha kicheko kikageuka, akakaa chini na upawa mkononi, tukamzunguka ili watu wasione.

Sikufutwa. Bado ni mtunza vyombo.

Somo langu ni fupi. Punguza vitu nyumbani mwako, na kidogo kidogo ndiyo njia yenyewe, silipingi hilo. Lakini kitu kikifika mlangoni, kishike mwenyewe, ukigeuze, ukijue ni cha nani kabla hakijavuka. Mimi niliiacha kazi hiyo dakika ishirini nikafuate umbea wa mtu na shemeji yake.

Nao wala haukuwa wa kweli.