Wachumaji wa Ikuti na Bei ya Mikono Yetu

Mwezi wa tatu kwetu Laela ni mwezi wa kukaa. Palizi imekwisha, mahindi yanajikulia yenyewe, na kila mwenye mikono anatafuta kibarua. Watafutaji wakiwa wengi hivyo, mwenye kazi hana haja ya kubembeleza mtu: nililima bustani ya jirani kutwa nzima nikapewa bakuli la unga. Mimi ni mjane mwenye watoto wawili, na upepo ulikuwa umeezua nyumba yangu upande mmoja. Dereva wa lori alipotuambia kwamba huko Rungwe chai na parachichi zimekosa wachumaji, niliwaacha watoto kwa mama yangu nikafunga mzigo.

Tuliondoka wanawake wanne. Tunduma tulipita katikati ya vumbi la malori, Mbeya tukalala kwa ndugu wa mwenzetu Anjela. Kesho yake, tulipoiacha Uyole na kushika njia ya kusini, hewa ilianza kuwa ya baridi. Kuvuka Kiwira, kila upande ni migomba, na chai imekaa sawasawa vilimani kama iliyopigwa pasi. Anjela alitazama dirishani kwa muda, kisha akauliza, "Hapa njaa inaingilia wapi?"

Mvua ilitupokea Tukuyu. Tuliulizia kazi, tukaelekezwa Ikuti kwa Bwana Ambakisye, mkulima wa chai na parachichi. Tulimkuta barazani kwake.

"Mmetoka mbali, poleni," alisema. "Wachumaji wa hapa wamekaa nyumbani, wanadai nyongeza. Ninyi nitawalipa pungufu ya niliyokuwa nawalipa wao, na mtachuma toka alfajiri hadi giza. Msipotaka, wengine wako njiani."

Hata hiyo pungufu ilizidi bakuli la unga. Nilikuwa tayari kuitikia, lakini Anjela aliomba tupumzike kwanza, tumjibu asubuhi.

Njiani tukakutana na mama wa makamo, kapu la kuchumia mgongoni, tupu. Huyo ndiye Mama Tusajigwe, aliyekuwa akiwasemea wachumaji wenzake. Nilitegemea matusi, maana tulikuwa tumekuja kuchukua nafasi zao. Yeye akatuamkia, "Mugonile," akatupeleka jikoni kwake, akatupakulia ndizi na maharage. Tulipokwisha kula ndipo aliposema. Ulimi wake wa Kinyakyusa uliigeuza zedi kuwa esi.

"Dada sangu, kasi ipo. Lakini mkiingia kwa bei yake, na sisi tutarudi kwa bei hiyo hiyo, maana tuna watoto. Halafu watakuja wengine wa mbali saidi, wakubali pungufu ya yenu. Tutashindana kushuka mpaka wapi?"

"Mama, sisi hatuna migomba hapa," Anjela akamjibu. "Tukisubiri tutakula nini?"

"Mtakula tunachokula."

Jioni ile wanawake wa Ikuti waligawana wageni nyumba kwa nyumba, wao ambao kwa haki wangetufukuza. Mimi nilibaki kwa Mama Tusajigwe, na asubuhi hakuna kati yetu wanne aliyekwenda kwa Bwana Ambakisye.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Nilikuwa nakula cha watu huku wanangu nimewaacha chini ya paa bovu. Mvua ilinyesha, jua likawaka, na chai ikachipua kwa haraka ambayo sijaiona kwa zao lolote. Mwenyeji wangu alinionyesha toka barabarani machipukizi yaliyosimama juu ya vichaka. Jani likishakomaa, kiwanda hakilipokei.

Asubuhi moja Bwana Ambakisye alikuja mwenyewe kwa miguu, buti zimejaa tope. Akaketi kwenye benchi la jikoni kati ya wanawake.

"Mama, majani yanakomaa, na lori la parachichi linakuja. Sina watu."

"Watu tupo."

"Lakini bei ya kiwandani sipangi mimi."

"Tunajua. Ndiyo maana tumeomba nyongesa, hatukuomba shamba."

Watu walicheka, na yeye akacheka. Hapo Mama Tusajigwe akataja malipo waliyoyataka, juu kidogo ya yale ya zamani, na kutoka shambani saa nane mchana, kwa kuwa kila mmoja ana kishamba chake cha kuangalia.

"Na kiangazi je?" akauliza Ambakisye. "Majani yakiwa haba, ninyi mkiwa wale wale?"

"Kiangasi tutachuma kwa samu. Pungusa siku, usipunguse bei."

Aliutazama ukungu mlangoni. "Na hawa wageni?"

"Hawa ni wachumaji."

"Haya," akasema akiinuka. "Kesho alfajiri."

Alilitimiza neno lake. Ilipofika saa nane aligonga kwa mkono wake mwenyewe rimu ya gari iliyokuwa kengele ya shamba, hata siku ambazo kipande kilichobaki bila kuchumwa kilikuwa kidogo tu. Nilijifunza kuchuma majani mawili na chipukizi, na mchana nikawa napalilia migomba na mwenyeji wangu. Nilipofunga mzigo wa kurudi, pesa ya bati ilikuwa imetimia. Nilitaka kumwachia kitu kwa chakula chake, akakataa. "Ndaga fijo," alinishukuru. "Umelima na mimi, inatosha."

Nimerudi nikijua kwamba malipo ya kibarua hupanda na kushuka kwa wingi na uchache wetu, na kwamba mvua na misimu hatuna uwezo navyo. Ila mtu akiwa peke yake huchukua anachopewa.

Mavuno yalipofika, kila mtu Laela alikuwa shambani kwake, na mfanyabiashara mmoja aliyelima mahindi mengi akaja kutafuta watu wa kuvuna. Alitukuta kisimani. Nilikuwa nimeshazungumza na wenzangu. Nikaitaja bei, nikataja na saa ya kutoka. Akawatazama walio nyuma yangu, mmoja baada ya mwingine.

Hakuna aliyesogea mbele kukubali pungufu.