Kulabu za Mwenye Kiwanda

Nakumbuka asubuhi moja mjini Mbarara, hapa Uganda, mwanangu, nimesimama juu ya meza na msumeno wa chuma mkononi, na harusi yangu imekaribia. Usicheke bado. Ngoja nikueleze nilifikaje juu ya meza.

Kanisa letu la Wakongo lilikuwa limepanga sebule ya nyumba kubwa ya ghorofa, iliyojengwa zamani na Mhindi mwenye kiwanda cha sabuni. Yeye alipofukuzwa nchini, wakaingia askari. Wakatoka askari, wakaingia wafanyabiashara wa mahindi, wakaifanya ghala. Baada yao wakaja mafundi cherehani, kisha sisi na kwaya yetu na ngoma zetu. Ukipiga magoti kusali ulikuwa bado unaokota pini za mafundi, wakati mwingine kwa goti lenyewe.

Sasa, kwenye dari ya sebule hiyo kulikuwa na kulabu nne nene za chuma. Watu walisema askari walinyongea wafungwa pale. Mimi sikujali, mpaka baba wa mchumba wangu alipokuja kutoka Juru, kule kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kukagua mahali binti yake atakapofungia ndoa. Aliinua macho, akasimuliwa habari ile, akavaa kofia yake. Alisema hatoi mtoto chini ya vyuma vya kunyongea, na kama harusi ni ya kuvunjika, basi ivunjike.

Ndiyo sababu ya msumeno. Nilimpenda yule binti hata usingizi sipati. Ningekata dari nzima.

Shangazi Nabintu, dada ya baba yangu aliyenilea tangu tulipokimbia kwetu Uvira, kule Kivu, aliingia na gunia la maharage aliyoleta kuuza. Aliuliza nafanya nini, nikamweleza. Akauliza kama kuna mtu nimemuuliza vile vyuma viliwekwa kwa kazi gani. Nikasema kila mtu anajua. Alikaa juu ya gunia lake, akaniangalia.

"Ile nyumba yetu ya Uvira leo iko na batu," alisema. "Mu ukuta kuko musumari, fasi baba yako alikuwa anatundika gitari yake. Unapenda baung'oe, sababu habajue ni wa nini?"

Mwanangu, nilishuka. Baba yangu hakuvuka mpaka pamoja nasi, na msumari ule nilikuwa nimeusahau. Niliona uchungu, nikaona na aibu.

Shangazi alipeleka maharage kwa mteja wake, Mhindi mwenye duka mtaa uleule, akamuuliza habari ya zile kulabu. Yule alicheka, akamwingiza ndani. Mama yake mzee alikuwa amekaa kwenye bembea ya ubao, minyororo imeshikwa na kulabu za dari, anatafuna karanga huku akijisukuma kwa kidole cha mguu. Alisema mke wa mwenye kiwanda alikuwa na bembea kama hiyo kwenye sebule ile, na wanawe wote walilala juu yake. Wakatuazima ubao na minyororo, tukavitundika kwenye kulabu za kanisani.

Baba mkwe aliitwa tena. Shangazi hakumweleza mengi, alimkaribisha tu akae. Alikaa kwa wasiwasi, ameshika minyororo kwa mikono yote miwili. Shangazi akamsukuma kidogo. Kofia ya mzee ikawa inakwenda na kurudi.

"Mama," alisema mwishowe, "sukuma tena."

Harusi ikafungwa palepale, na kumtoa mkwe kwenye bembea ili bibi harusi akae ilikuwa kazi. Leo nyumba ile ni shule ya chekechea, na kulabu bado zipo.

Nakuambia haya kwa sababu kesho unahamia nyumba waliyoiacha majirani zetu waliopelekwa ng'ambo. Nimekuona umeshika nyundo. Kabla hujang'oa kitu, uliza. Ukijua kilikuwa cha nini, amua mwenyewe, maana nyumba sasa ni yako.

Mungu akupe kicheko ndani ya kuta hizo, na watoto wa kuzichafua. Na huyo anayelala sasa katika nyumba yetu ya Uvira, namwombea afya njema, na awe na kitu kizuri cha kutundika kwenye msumari wa baba.