Turubai la Fundi Fikri

Shahinaz hakukosa kufika kazini hata siku aliyomzika baba yake. Watu wa tamthilia hapa Kairo wanamkumbuka kwa hilo, wengine kwa kumsifu, wengine kwa kumsengenya, na mimi niliyekuwepo sijui hata leo nisimame upande gani. Alizika adhuhuri, alasiri akawa kazini, viatu vina vumbi la makaburini, anauliza kwa nini taa ya pili haijawashwa. Ilikuwa Ramadhani, tamthilia yetu iko hewani, na sehemu ya usiku ule ilikuwa bado inaunganishwa. Watu wakishafuturu wanakaa mbele ya televisheni, na hakuna aliye tayari kuambiwa asubiri.

Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa mradi. Maana yake, mwongozaji anaota, mwigizaji anadeka, tajiri anapiga simu, na Shahinaz anahakikisha yote yanakutana mahali pamoja kwa wakati mmoja. Nyuma yake tulimwita Mama Ratiba. Mbele yake tulimwita Madam na kufunga midomo. Mwanamke wa makamo, mfupi, redio ya mkononi haimtoki, chakula anakula amesimama. Ukimwambia unaumwa atakupa kidonge, halafu atakuuliza unarudi lini kwenye nafasi yako. Hakuwa mkatili. Hakuwa na nafasi tu.

Baba yake, Fundi Fikri, alitengeneza mafeni kwenye uchochoro mmoja wa Hilmiyya, na yeye alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Hakuna msiba uliompita mtaani kwao. Atavaa koti lake la kahawia, atakaa kiti cha mbele, atamsikiliza msomaji mpaka amalize, na kahawa isiyo na sukari atainywa mpaka machicha. Alipokufa yeye, hapakuwa na turubai wala kiti. Mwanawe wa kiume yuko Kuwaiti, na binti yake alikuwa na tamthilia. Pole zilikuja kwa simu. Mara moja tu, tukiwa kwenye gari la vifaa, Shahinaz aliniambia kwamba msimu ukiisha atamwekea baba yake turubai, watu waje. Msimu ukaisha, ukaingia mwingine. Akaacha kulitaja, na mimi si mtu wa kuchokonoa.

Shaabani iliyofuata tukawa na onyesho la msiba. Katika hadithi yetu tajiri mmoja wa nguo, Hajj Abdul-Samad, amekufa. Mwanawe anapokea pole mlangoni pa turubai, na adui wa marehemu anaingia. Bila hilo, sehemu ya kwanza haina mwisho. Ragheb, mwigizaji wa huyo mwana, alitupa jioni moja tu, kati ya magharibi na isha, halafu anakwenda kwenye tamthilia nyingine na hatumpati tena. Mwenye kampuni akamwambia Shahinaz mbele yetu sote: jioni hiyo ikipotea, na wewe umepotea nayo.

Mtaa tuliokuwa tumeuandaa ukatugeuka dakika ya mwisho. Shahinaz akasema twende Hilmiyya, uchochoro wa kwao, wanamjua, hawatamsumbua. Nilimtazama. Hakunitazama. Tukaenda.

Sasa, Talaat, mwongozaji wetu, anataka kila kitu kiwe cha kweli. Kwa hiyo Shahinaz hakuleta mafundi wetu. Alimchukua Hajj Bayyumi, ambaye ndiye anayewafungia watu wa pale maturubai ya misiba yao, na vitambaa vyake vyekundu na buluu, na viti vyake vya rangi ya dhahabu. Akamchukua na Shekhe Mahrus, msomaji wa kweli. Shekhe alipoambiwa kwamba mwisho wa kisomo amwombee dua Hajj Abdul-Samad, akauliza huyo ni nani. Akaambiwa ni mtu wa kwenye hadithi tu.

"Mtu hata hajazaliwa," akasema shekhe, "nimwombee asamehewe nini?"

Shahinaz akamwambia asijali, jina watalikata baadaye. Shekhe akanung'unika, akapanda kwenye kiti chake.

Hapa msinitupie lawama mimi. Mimi ni mtu wa sauti, na nilimwomba anipimie sauti, basi, ahesabu moja mbili tatu. Akaniangalia utadhani nimemtukana mama yake. Yeye hahesabu, yeye anasoma. Na Hajj Bayyumi, kwa mazoea yake, alikuwa ameshafunga vipaza sauti mpaka mwanzo wa uchochoro, na vyote vinawaka. Shekhe akafungua kinywa, na Kurani ikaingia madirishani kote.

Magari yetu tulikuwa tumeyaficha nyuma yasionekane kwenye picha. Kamera ziko ndani. Kutoka nje ulichoona ni turubai, taa, na Shahinaz binti Fikri amesimama mlangoni, akimsubiri Ragheb amalize kupakwa poda. Ulikuwa umebaki muda mfupi tu mwaka wa marehemu utimie. Watu wa uchochoro ule walifanya hesabu yao: Shahinaz ameweka hitima ya baba yake. Na Hilmiyya ukisikia kisomo kwenye turubai, huulizi. Unavaa viatu.

Wa kwanza kufika alikuwa Mzee Ghattas, muuza maharage wa pale pembeni. Ni Mkristo, na hajawahi kukosa msiba wa Mwislamu hata mmoja mtaani pale. Kwa kawaida mwanamke hasimami mlangoni pa turubai, wanaume ndio wanaopokea, lakini kila mtu alijua kaka yuko Kuwaiti. Mzee akaushika mkono wa Shahinaz kwa mikono yake miwili. Maiki nilikuwa nimeificha kwenye nguzo ya mlango, kwa hiyo nilisikia kila neno la pole yake kwenye hedifoni.

"Umri uliobaki uwe wako, mwanangu. Tulisema tu, Shahinaz hawezi kumwacha baba yake hivi hivi."

Shahinaz akafungua kinywa. Nilijua alichotaka kusema, nimeshamsikia mara nyingi akiwaondoa watu: samahani mzee wangu, hapa tunafanya kazi. Halikutoka. Nyuma ya Ghattas mstari ulikuwa umeshajipanga, kinyozi, mwenye duka la dawa, wazee waliovaa makoti yao mazuri, mmoja ameshikwa mkono na mwanawe.

"Na wewe pia," akajibu, polepole. "Ahsante kwa kuja."

Wakapita mmoja mmoja. Mmoja akasema feni yake aliitengeneza Fikri na bado inazunguka. Yule mzee wa kushikwa mkono alikawia mlangoni, hataki kuuachia mkono wa Shahinaz. Alisema alipofiwa na mke wake, Fikri hakukosa hata jioni moja. "Nami nimekaa karibu mwaka," akasema, "sina mahali pa kumrudishia."

Shahinaz akainamisha kichwa. Viti vikajaa. Watu wetu wa kujazia, tuliowaleta kwa basi waje kuigiza waombolezaji, wakaona haya, wakainuka kuwapisha wazee. Kahawa ikaanza kupita. Ragheb alipotoka na suti yake nyeusi hakupata hata pa kusimama.

Nikamsikia Talaat kwenye redio, anahema kwa furaha. Akaamuru kamera ziwashwe zote na mtu yeyote asiguswe, nyuso kama hizi huzipati kwa pesa. Shahinaz akainua redio yake. Sauti ilikuwa ile ile ya kuagizia taa.

"Zima."

"Shahinaz, isha hiyo inakuja. Utanimaliza, na wewe umejimaliza."

"Zima kamera, Talaat. Nina wageni."

Miaka yote alimwita Ustadhi. Kamera zikazimwa. Na mimi nikaacha kurekodi, ila hedifoni sikuivua.

Ragheb akaondoka kama alivyosema. Simu ya mwenye kampuni ikaanza kulia. Shahinaz akanipa bila kuiangalia, ikanililia mfukoni mpaka ikachoka. Kazi aliipoteza asubuhi yake. Hadithi wakaibadilisha, Ragheb wakamtungia safari, pole akazipokea mjomba wa huyo mwana, kwenye turubai jingine, na watu wa Hilmiyya hawakujua kitu. Wapo wenzetu wanaosema mpaka leo kwamba alifanya ujinga, kazi ya miaka ameitupa kwa kikombe cha kahawa. Nawaacha waseme.

Shekhe Mahrus alimaliza kisomo, turubai likatulia. Akamwashiria Shahinaz asogee, akafunika maiki yake kwa kiganja, lakini ile niliyombandika kifuani ilikuwa inanisikizisha mimi.

"Jina, binti yangu," akamwambia.

Akamsogelea sikioni.

"Fikri Abdul-Mawjud," akasema. "Fundi wa mafeni."

Shekhe akaondoa kiganja, na jina likasikika uchochoro mzima. Mikono ikainuliwa. Dua ilipokwisha Shahinaz akaenda kiti cha mbele, akakaa. Sikuwahi kumwona amekaa. Hajj Bayyumi akampelekea kahawa yeye mwenyewe, isiyo na sukari, naye akainywa mpaka machicha.